Kusubiri Leaf mpya au kununua iliyopo

Ndugu yangu wa Moshi, nimekuelewa: unakwenda Arusha na kurudi karibu kila siku, na hujui kama ununue Nissan Leaf (gari la umeme) iliyotumika ya mwaka 2018 au usubiri ile iliyoundwa upya na kuzinduliwa mwaka 2025.

Safari yako ni kilomita 160 hivi, kwa hiyo jambo la kuamulia ni betri. Leaf hiyo ya 2018, yenye betri ya kilowati-saa 40, ilipimwa Marekani kuwa inafika kilomita 243 ikiwa mpya, lakini betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo joto huichosha mapema, ilhali toleo jipya limewekewa mfumo huo. Hata hivyo, mimi nisingesubiri, kwa sababu magari yetu mengi hutufikia yakiwa yametumika Japani, na hilo jipya litachukua miaka kushuka bei.

Ila nakusihi usilipe kabla hujaoneshwa picha ya dashibodi yenye vijiti vyote 12 vya uwezo wa betri, vile vinavyopungua betri inapochakaa, si vya chaji; vikiwa 9, utasafiri kwa wasiwasi, hasa kwa kuwa kutoka Moshi kwenda Arusha ni kupanda. Soketi ya kuchajia nyumbani ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni, kwani nyaya dhaifu zinaweza kuungua zikibeba mzigo huo usiku kucha.