Kabla hujanunua ruta, igeuze uone nyuma yake

Karibu kila anayeniomba ushauri wa ruta huanza na antena: ina ngapi? Mimi humwambia aigeuze kwanza. Matundu ya waya yaliyo nyuma yatamweleza mengi zaidi, hasa kama ana ofisi ndogo au nyumba yenye kompyuta tatu nne na printa.

Ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuperuzi tu yanatosha. Ila mkianza kuhamishiana mafaili humo ndani, yanabana. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hutavuka megabaiti 12 na kitu kwa sekunde, na faili la gigabaiti 10 litakula karibu robo saa. Kwenye tundu la gigabiti moja, faili hilohilo linaisha ndani ya dakika mbili, mradi diski zenyewe si za polepole. Soma boksi: ukikuta 10/100 peke yake, iache. Unayoitaka imeandikwa 10/100/1000.

Zile namba kubwa za mbele zisikubabaishe. AC1200, kwa mfano, ni megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 zikajumlishwa na 867 za gigahezi 5. Simu yako haiyatumii yote mawili kwa pamoja, na kasi utakayoipata huwa chini ya hapo. Hata hivyo chukua ruta yenye masafa yote mawili. 2.4 hupenya kuta vizuri lakini imesongamana, maana chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiwa na majirani wengi, 5 ndiyo itakayokupa nafuu.

Sasa umeme, jambo ambalo watu hulipuuza mno. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambako ruta ilikuwa ikijizima na kujiwasha kila watu wakijaa. Walishabadilisha nywila, wakalalamikia kampuni ya intaneti, na walikuwa mbioni kununua nyingine. Nikasoma kibandiko cha chini ya ruta: 12V, 2A, yaani volti 12 na ampea 2. Nikasoma adapta iliyochomekwa ukutani: 12V, 1A. Ile ya asili ilishapotea, wakachomeka iliyokuwa karibu. Watumiaji wakiwa wachache ilimudu. Kazi ikizidi, umeme hautoshi. Adapta sahihi ilipopatikana, tatizo likaisha. Ndiyo maana napenda ruta yenye adapta ya kawaida, inayopatikana kirahisi ile ya kwanza ikifa. Halafu ikae mahali penye hewa. Ruta hufanya kazi usiku na mchana, na kuifungia kabatini ni kuipika.

Kabla hujalipa, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli hiyohiyo, uangalie sasisho la mwisho la programu yake lilitoka lini. Kama ni miaka mingi iliyopita, achana nayo hata ikiwa mpya ndani ya boksi, kwa sababu mianya ya usalama itakayogunduliwa hakuna wa kuiziba. Ukiona modeli hiyo inakubali OpenWrt, programu huria ya ruta isiyomtegemea mtengenezaji, hiyo ni akiba nzuri: mtengenezaji akiitelekeza, bado una pa kupata masasisho. Kwa usalama wa Wi-Fi dai WPA3, au angalau WPA2. WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nywila, izime siku ileile, na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio usiiache ile ya kiwandani.

Ukifika nayo nyumbani, ijaribu kwa nguvu wakati bado unaruhusiwa kuirudisha. Hamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili, unganisha kila kifaa ulicho nacho, iache iwake usiku kucha. Printa itengee kwenye mipangilio anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ili ruta ikizimwa na kuwashwa, printa isije ikapewa namba nyingine, kompyuta zote zikaanza kuitafuta.