Mafia kwa anayeanza kuzamia: Januari au Agosti?

Ndugu, umeuliza uende kisiwa cha Mafia Januari au Agosti, na kama anayeanza azamie kwa mtungi wa hewa au atumie miwani na mrija tu. Chagua Januari bila kusita, kwa kuwa majira ya upepo wa kaskazi bahari huwa tulivu zaidi na papa potwe, yule papa mkubwa asiyedhuru watu, huonekana karibu na mji wa Kilindoni, ilhali Agosti upepo wa kusi huvuma na kuyachafua maji.

Anza kwa miwani na mrija ndani ya Ghuba ya Chole, ukivaa jaketi la kuokolea. Ijaribu miwani ufukweni: ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, na ikidondoka omba nyingine. Mtungi usubiri mpaka uzoee, nao Mlango wa Kinasi, upenyo wa kutokea ghuba hiyo kwenda baharini, usiuendee kamwe wakati maji yanakupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwani mkondo huvuta kuelekea bahari kuu. Tafadhali sana, usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Lala chali uelee.

Ukizamia kwa mtungi zaidi ya mara moja, acha saa 18 zipite kabla ya kupanda ndege.