Maharage, Mkaa na Mifuko Chini ya Kitanda

SWALI: Ndugu mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tumepanga Mabatini hapa Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Mkaa nanunua kwa sado, na siku ya maharage sado moja hainifikishi jioni. Majuzi nimehesabu mifuko mbadala iliyojazana chini ya kitanda nikapata 31, na bado kila niendapo sokoni narudi na mwingine. Jirani yangu anasema anayejali mazingira sharti anunue jiko jipya, vyombo vya mianzi na chupa za chuma. Fedha hiyo sina. Nianzie wapi?
Mama wa Mabatini

JIBU: Marahaba, mama. Jirani yako ana nia njema, ila anataka upunguze matumizi kwa kwenda dukani. Ile mifuko 31 imekwisha kukujibu nusu ya swali: imerundikana kwa sababu inakaa chini ya kitanda, ilhali safari ya sokoni huanzia mlangoni. Pigilia msumari nyuma ya mlango, pale mkono unapopita kufungua komeo, utundike mifuko miwili tu, na iliyobaki mpe muuza dagaa awafungie wateja wake. Tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tumejiaminisha kwamba mfuko mbadala ni kitambaa, kumbe mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki, na unafuu wake huonekana pale tu mfuko mmoja unapotumika mara nyingi. Kwenu mlimani jambo hili liko karibu sana, kwa kuwa mvua moja kubwa yaweza kuuteremsha mfuko uliotupwa hadi Mto Mirongo, nao Mirongo unamwaga maji yake ziwani.

Sasa tuje kwenye maharage, ambako ndiko fedha yako inakoungulia. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Maharage yako yanachelewa kuiva kwa sababu ya mahali unapoishi, wala si kwa uzembe wako. Hata hivyo, katika sufuria ya kawaida maji yakishachemka hayapandi tena joto, uongeze mkaa kiasi gani. Unachozidisha ni mvuke, na mvuke ni ghali mno. Kuigeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara 7 ya lile lililoyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa ndoo hadi kuchemka. Kwa hiyo kagua kwanza mfuniko wako. Nimeona jikoni kwingi mfuniko uliopinda kwa kupepelea moto na kuzolea majivu, ukikalia sufuria upande mmoja kama kofia ya mlevi, na mpishi akilalamika kwamba mkaa wa siku hizi hauna nguvu. Maji yakianza kutokota, funika vizuri, kisha punguza kijimlango cha hewa cha jiko.

Loweka maharage usiku kucha, umwage maji hayo, uyabandike kwa maji mapya, na uyaache yachemke kwa nguvu dakika 30. Dakika hizo usizipunje, kwani maharage mekundu yana sumu ambayo joto la vuguvugu haliimalizi. Wakati yanachemka, andaa tenga ambalo ukiingiza sufuria linabakiza nafasi ya sentimita 10 hivi kila upande. Ujaze nafasi hiyo, pamoja na kitako chake, kwa blanketi kuukuu na nguo zisizovalika zilizokauka vizuri. Epua sufuria bila kuifunua, futa masizi, itumbukize, weka mto mzito juu, kisha nenda kwenye shughuli zako kwa saa tatu au nne. Kazi ya kuivisha itamaliziwa na joto lilelile lililokuwa likipotelea hewani. Ukirudi, yachemshe tena ndipo uyaunge kwa kitunguu na nyanya. Atakayefunua katikati ili aonje ameharibu kazi, na watoto wako wanne lazima waambiwe hivyo mapema.

Makaa yanayobaki usiyamwagie maji. Yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, uliweke nje; yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatawaka upesi kuliko mkaa mpya. Kumbuka kwamba kwa matanuri yetu ya udongo kilo 1 ya mkaa huweza kutumia kilo 5 hadi 10 za kuni.

Kuhusu jiko jipya, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, nami sikukatishi tamaa. Siku fedha ikipatikana, ningetanguliza sufuria ya presha, kwa kuwa yenyewe huuzuia mvuke, na joto ndani yake hupita zile nyuzi 96 zinazokutesa. Vyombo vya mianzi acha vibaki dukani mpaka sahani zako zivunjike.

SWALI: Nasoma chuo, ninaishi Nyegezi. Nikinunua vikapu vya magugu maji, je, nasaidia kulimaliza gugu hili ziwani?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Kulimaliza, hapana. Gugu hili lilitoka Amerika Kusini, na kwenye maji yenye rutuba nyingi laweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, huku mbegu zake zikilala kwenye tope kwa miaka mingi. Linalolinenepesha ni maji taka, mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, na vidole vya mfumaji havina kasi hiyo. Nunua kikapu kwa kuwa unakihitaji na kwa kuwa mfumaji anastahili kipato. Kabla hujalipa kigeuze, uangalie kitako kama kimefumwa kwa kubana, kisha ukinuse: kikiwa na harufu ya uvundo, mabua hayakukaushwa vya kutosha na kitaota ukungu kabla ya masika kwisha.