Weka Tamaa Mkononi mwa Anayependwa

Juzi binti mmoja wa Sengerema kanitumia ujumbe: "Dada, nimeandika riwaya ya mapenzi, Mwanza ya mwaka 2090, ziwa limeshakufa. Kila anayeisoma ananiambia nahubiri. Nifanyeje?"

Roho iliniuma, maana yaliwahi kunikuta. Mwaka jana mhariri mmoja alinirudishia muswada wangu kaandika kwa wino mwekundu: "Toa samaki, bakiza mapenzi." Nililia. Hadi leo sijapoa.

Ila nilipotulia niliona nilipokosea. Kurasa arobaini za mwanzo nilikuwa natoa darasa: sangara alivyopandikizwa miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili, walivyopukutika miaka ya 1980, magugu maji yalivyoziba mialo. Yote kweli. Lakini wapenzi wangu walikaa pembeni wakinisubiri nimalize.

Nikaenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, alfajiri. Mama mmoja alipasua sangara, akaingiza vidole, akachomoa bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki: jeupe, linateleza, kubwa kama kiganja. Akaliweka kwenye bakuli la peke yake, akalifunika na kanga. Samaki mwenyewe akamsukuma kando. Mabondo hukaushwa yakasafirishwa hadi China, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya mnofu. Nilisimama pale mpaka jua likatoka.

Usiku huohuo nikaanza upya. Kijana anampenda binti wa mnunuzi wa mabondo. Baba mtu anataka mahari ya bondo moja tu, na ziwani kabaki sangara mmoja, jike, tumbo limejaa mayai. Binti mwenyewe ndiye anayemnolea kijana kisu. Neno "tamaa" sikuliandika tena.

Basi mdogo wangu, fanya hivyo. Tamaa usiiache kwa tajiri wa mbali asiye na sura. Iweke mkononi mwa anayependwa, msomaji amtetee huku moyo unamsuta. Nasema tena: mkononi mwa anayependwa.

Na sisi waandishi wa Kanda ya Ziwa tuamke! Tunaandika mapenzi ya hoteli za Dar es Salaam, huku makokoro, nyavu za kukokota, yanakomba hadi vifaranga vya samaki, na watu wanaoishi ufukweni wananunua mapanki, mifupa na vichwa vya sangara, kwa sababu minofu imepanda ndege. Tukinyamaza sisi, nani ataandika?

Muswada wangu sasa uko kwa mchapishaji mwingine. Ule ukurasa wa wino mwekundu nimeubandika ukutani, juu ya meza. Wewe nitumie sura ya tatu, ile ya kwenye kivuko. Nitaisoma Jumapili.