Je, "Sauti ya Wengi ni Sauti ya Mungu" ni Andiko?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Moravian wilayani Rungwe. Mkutano wa ushirika ulipiga kura kwamba shamba letu la chai ling'olewe tupande miparachichi. Sisi tuliopinga tuliambiwa tunyamaze, kwa sababu Biblia inasema "sauti ya wengi ni sauti ya Mungu". Mwenzangu mmoja anasema maneno hayo yamo katika Isaya, mwingine anasema yamo katika Matendo ya Mitume, na mwanangu anasema ni maneno ya wanasiasa. Yalitoka wapi, na je, tulipaswa kunyamaza?

JIBU: Asifiwe milele, Mama. Maneno hayo hayamo katika Biblia, si katika Agano la Kale wala katika Jipya. Hata hivyo wenzako hawakubahatisha, kwa maana ipo mistari miwili inayokaribiana nayo kwa sauti, ingawa maana yake iko mbali.

Isaya 66:6 inataja sauti itokayo mjini, sauti itokayo hekaluni na sauti ya BWANA, zote zikifuatana katika mstari mmoja. Biblia yetu ya Kiswahili huiita ile ya kwanza sauti ya fujo, lakini Biblia ya Kilatini, iliyosomwa katika Kanisa la magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja, iliiita sauti ya watu; ndiyo maana wako wanaodhani kwamba methali ilichipuka hapo. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mstari huohuo unamalizia kwa kusema kwamba BWANA anawalipa adui zake adhabu. Nabii anasikia hukumu ikiujia mji. Hasikii mji ukijiamulia mambo yake.

Mstari wa Matendo 12:22 unashangaza zaidi. Herode ameketi katika kiti chake cha enzi akiwa na mavazi ya kifalme, na mbele yake wamo watu wa Tiro na Sidoni, ambao wanatafuta amani kwa kuwa nchi yao inapata chakula kutoka katika nchi ya mfalme. Alipowahutubia, watu wakapiga kelele, "Ni sauti ya Mungu, si sauti ya mwanadamu," na mara malaika akampiga, akaliwa na chango, akafa. Walikuwa wengi, walisema kwa kauli moja, na walikosea. Naamini hofu ya njaa iliwasemesha wengi wao. Anayetaka kuitetea methali hii angefanya vema asiukaribie mstari huo.

Mwanao ndiye aliyeukaribia ukweli. Ushahidi wa zamani unaotajwa sana ni barua ya Alcuin, mwanachuoni wa Kanisa kutoka York, aliyomwandikia mfalme Charlemagne karibu na mwaka 800. Wengi huinukuu kana kwamba yeye ndiye mwasisi wa methali, kumbe alimwonya mfalme asiwasikilize wale wenye mazoea ya kusema hivyo, kwa kuwa ghasia za umati hukaribiana na wazimu. Kwa hiyo maneno yalikuwa yamekwisha kuzagaa kabla yake, naye aliyakataa. Mwaka 1327, Edward II wa Uingereza alipoondolewa madarakani, Walter Reynolds, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyafanya kuwa kichwa cha mahubiri ya kuunga mkono tendo hilo, na hapo ndipo methali ilipopanda mimbarani kwa heshima zote. Wako pia wanaorudi hadi kwa Hesiod, mshairi wa Kiyunani aliyeishi karne nyingi kabla ya Kristo, aliyesema kwamba uvumi unaosemwa na watu wengi haufi kabisa, kwa kuwa nao ni mungu wa namna yake. Lakini huyo alizungumzia uvumi, na sioni jinsi ya kumfungamanisha na kura zetu.

Maandiko yenyewe hayatoi kanuni moja juu ya wingi wa watu. Katika 1 Samweli 8:7 Mungu anamwagiza Samweli aisikilize sauti ya watu wanaotaka mfalme, na papo hapo anasema kwamba kwa sauti hiyo wamemkataa Yeye. Anawaruhusu bila kukubaliana nao. Mbele ya Pilato umati ulidai Yesu asulubiwe, na Luka anaandika kwamba sauti zao zikashinda. Lakini katika Matendo 6 mkutano mzima unawachagua wale saba, na mitume wanawawekea mikono bila kinyongo.

Wazee wetu wa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani ambako Kanisa letu la Moravian lilihuishwa, walilitambua jambo hili. Mwezi Mei 1727 jumuiya iliwachagua wazee 12 kwa kura za watu, kisha wanne kati yao wakapatikana kwa kura ya bahati wakawa wazee wakuu, kwa imani kwamba katika hatua hiyo ya pili ni Bwana anayechagua. Laiti wangeamini kwamba wingi wa kura ni sauti ya Mungu, wasingehitaji hatua ya pili. Sinodi ya mwaka 1889 iliifuta desturi hiyo ya kura ya bahati katika uendeshaji wa Kanisa, miaka miwili kabla ya wamisionari wa Moravian kufika Rungwe, nasi tukabaki na kura ya watu peke yake.

Sasa kuhusu shamba lenu. Chai au parachichi si jambo la imani, na ushirika una haki ya kuliamua kwa kura. Kwa hiyo mkubali matokeo, na siku ya kung'oa ikifika mwende kazini pamoja na wenzenu. Lakini aliyewanyamazisha kwa jina la Biblia amewakosea, na ni vema mwenyekiti alisahihishe hilo mbele ya mkutano uleule. Mkiona hasara inakuja, andikeni hoja yenu na kuifikisha kwa baraza la wazee kabla miche haijanunuliwa. Katika kumbukumbu za mkutano iandikwe kwamba wajumbe wameamua kwa kura, na idadi ya waliokubali na waliokataa itajwe.