Swali la lugha: "Carpe diem" ni "kamata siku" au "chuma siku"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shule yetu inaandaa mahafali ya kidato cha sita na wanafunzi wanataka bango lenye maneno ya yule mshairi wa Roma, "carpe diem", lakini kwa Kiswahili. Wengine wameandika "Kamata siku", wengine "Shika siku". Mwenzangu wa idara ya lugha anataka "Ichuma siku", na mwingine anasema tusijisumbue, tafsiri yake tunayo tayari: "Ponda mali, kufa kwaja." Ipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Kati ya hao wanne, wa "Ichuma siku" ndiye aliyekaribia. Amekosea herufi moja tu, nami nitaifikia.

Maneno hayo ni ya Horatius, mshairi aliyezaliwa Venusia, kusini mwa Italia, mwaka 65 KK. Yamo katika utenzi wa 11 wa kitabu cha kwanza cha tungo zake, na vitabu vitatu vya mwanzo vya tungo hizo vilitoka mwaka 23 KK. Shairi lina mishororo minane tu, na anayeambiwa ni mwanamke anayeitwa Leuconoe. Msemo unaoutafuta umekaa katika mshororo wa mwisho. Ukiung'oa hapo bila kuisoma ile mishororo mingine saba utautafsiri vibaya, kwa hiyo hii hapa maana yake yote kwa nathari:

"Wewe usije ukadadisi, maana kujua ni mwiko, miungu imenipangia mwisho gani mimi, mwisho gani wewe, Leuconoe, wala usizijaribu hesabu za Babeli. Heri kuyavumilia yatakayokuwa, iwapo Jupiter ametugawia majira mengi ya baridi, au haya ndiyo ya mwisho, yanayoidhoofisha sasa Bahari ya Tireni kwenye miamba yenye matundu iliyoikabili. Uwe na busara, uchuje divai, na kwa kuwa muda ni mfupi, upogoe tumaini refu. Hapa tunaposema, wakati wenye husuda utakuwa umekwisha kukimbia. Chuma siku, ukiiamini kesho kwa uchache uwezavyo."

Tazama vitenzi vitatu vya mwishoni: chuja, pogoa, chuma. Vyote vinatoka kwa mkulima wa mizabibu. Divai ya Warumi ilikaa mitungini ikajaa machicha, ikachujwa kwa kitambaa au chujio la madini kabla ya kumiminwa vikombeni. Mzabibu usipopogolewa hutambaa na kutoa majani mengi kuliko zabibu. Na tunda likiiva huchumwa siku yake, kwani likiachwa huoza au huliwa na ndege. Kitenzi cha Kilatini "carpere" ni cha kazi hiyohiyo: kuchuma tunda, kuchuma ua, hata mnyama kung'wenya majani. Hakuna unyakuzi ndani yake. "Kamata siku" imepitia Kiingereza, ambacho kiliamua kutumia kitenzi cha kunyakua, na sisi tukaufuata unyakuzi huo bila kuuliza shambani kulikuwa na nini. Kwetu anayekamatwa ni mwizi au kuku, na humkamati ambaye hakimbii. Horatius anasema wakati unakimbia, lakini hasemi tuufukuze. Anasema tuchume kilichoiva mbele yetu.

"Shika siku" ina tatizo jingine. Kushika siku kwa Kiswahili ni kuiheshimu kwa ibada, kama mtu anavyoishika Sabato. Bango likisomwa hivyo, mgeni atajiuliza ni sikukuu gani. Na msijaribu kukwepa kwa kutumia wingi. "Siku zako" akiambiwa mwanamke huweza kusikika kama hedhi, na akiambiwa yeyote yule huweza kusikika kama kitisho cha siku zake kuhesabika. Neno libaki katika umoja, kama lilivyo katika Kilatini.

Kuna wanaoiogopa "chuma" kwa sababu inaleta harufu ya pesa: kuchuma mali, mchumi, uchumi. Hofu hiyo ina msingi kidogo, lakini haitoshi kulifukuza neno. Kiswahili kimekwisha kukizoesha kitenzi hiki kubeba visivyoshikika: watu huchuma dhambi, huchuma thawabu, na mchuma janga hula na wa kwao. Siku haitakuwa mgeni katika orodha hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba "chuma" ni jina pia, lile la madini. Katika sentensi ndefu hakuna atakayekanganywa. Lakini maneno mawili makubwa juu ya kitambaa, "CHUMA SIKU", yanamfanya msomaji asite, jicho likitafuta "cha" iliyopotea. Dawa ni kiambishi cha mtendwa. "Siku" iko katika ngeli ya I-ZI katika umoja, kwa hiyo tunapata "i-" mbele ya kitenzi, na hapo jina la madini halina tena nafasi.

Sasa ile herufi. Kitenzi cha amri kikiwa peke yake huishia na "-a": chuma, soma, leta. Kikibeba kiambishi cha mtendwa, "-a" hugeuka "-e": ichume, kisome, ilete. "Ichuma siku" haikubaliki kwa sababu hiyo, na makosa haya yamejaa mabangoni: "ilinda amani", "itunza mazingira". Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vinavyoishia na irabu nyingine havibadiliki (iheshimu, ijaribu), na nadhani ndiko wengi wanakopotelea: wameizoea "iheshimu sheria" wakadhani kila kitenzi kinaachwa kama kilivyo. Mkisema na watu wengi, mnaongeza "-ni": ichumeni. Kilatini nacho kingebadilika hapo na kuwa "carpite", kwani "carpe" ni amri kwa mtu mmoja.

Kwa anayetafsiri shairi zima ushauri wangu ni tofauti kidogo. Katika Kilatini, "uwe na busara", "uchuje" na "upogoe" ziko katika dhamira tegemezi, yaani ushauri wa upole. "Carpe" ndiyo amri kavu pekee katika shairi lote. Kiswahili kina tofauti hiyohiyo kwa ukamilifu: "-e" ya ushauri, "-a" ya amri. Mshairi ameitunza amri yake hadi mwisho, na mfasiri aitunze pia. Ndani ya shairi andika "chuma siku", bila "i-", ili mlio wa amri usizamishwe na zile "-e" zilizotangulia. Bangoni, ambako hakuna shairi la kuizunguka, andika "ichume".

Kuhusu "Ponda mali, kufa kwaja", nakataa kwa moyo wote. Kuponda mali ni kuitapanya. Mtu anayemwambia mwenzake achuje divai kabla ya kunywa, na apogoe matumaini yake mwenyewe, hamwalikii ufujaji. Horatius huyuhuyu, katika utenzi wa 10 wa kitabu cha pili, anasifu njia ya katikati na kuiita ya dhahabu. Bango la methali hiyo mbele ya vijana wa kidato cha sita litawafundisha kinyume cha alichokusudia. Mkitaka methali ya karibu, chukueni "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Hiyo inagusa nusu ya pili ya mshororo, ile inayosahaulika kila mara: "quam minimum credula postero." Angalieni lakini kwamba "minimum" ni uchache, si ukanusho. Methali yetu inamwita kesho mwongo moja kwa moja. Horatius anasema tu asikopeshwe imani nyingi.

Mambo madogo yanayowakwaza wafasiri. "Nefas" ni jambo lililokatazwa na miungu, na "mwiko" inalibeba vizuri kuliko "dhambi". Hesabu za Babeli ni unajimu, kusoma nyota. Msiandike "ramli", kwa kuwa ramli asili yake ni mchanga. Majira ya baridi yabaki majira ya baridi, maana kipupwe cha pwani yetu si dhoruba ya Italia. Na katika picha ya miamba, kinachodhoofika ni bahari, si jiwe. Wengi huigeuza kwa mazoea ya kuona jiwe likiliwa na mawimbi. Tena jina Leuconoe lisiachwe. Neno "credula" ni la kike, hivyo msomaji wa Kilatini anakumbushwa hadi mwisho kwamba anayeambiwa ni mwanamke. Kiswahili hakina alama hiyo, na jina ndilo linalotuambia.

Kuna bahati moja ambayo washairi wetu wangepaswa kuifurahia. Kila mshororo wa shairi hili una silabi 16, sawa na shairi letu la mizani 16, na mishororo minane ni beti mbili kamili za minne minne. Tofauti ni kwamba Kilatini hupima silabi nzito na nyepesi, na hukata mshororo 6, 4, 6, ilhali sisi tunahesabu silabi tu na kukata 8 kwa 8. Msiige mikato yao. Jaribio la mishororo miwili ya mwisho laweza kuwa hivi:

Nao muda, tusemapo, hasidi, umo mbioni;
Chuma siku ingalipo, kesho usiiamini.

Vina vya kati ni "-po", vya mwisho "-ni", na mizani imetimia. Lakini gharama zipo: "utakuwa umekwisha kukimbia" imepungua ikawa "umo mbioni", na "kwa uchache" imekuwa katazo. Atakayeweza kurudisha hayo bila kuvunja mizani atakuwa amefanya kazi nzuri kuliko hii. Ahesabu kwa uangalifu: "mfupi" ni mizani tatu, si mbili, na "usiiamini" ina "i" mbili zinazofuatana, moja ya kukanusha na moja ya kesho. Ukiandika "usiamini" umepoteza mtendwa na mizani moja kwa pamoja.

Kwa mahafali yenu, wahitimu ni wengi, hivyo juu kabisa, kwa herufi kubwa, andikeni ICHUMENI SIKU. Chini yake, kwa herufi ndogo, wekeni nusu iliyobaki: "msiitegemee mno kesho". Kitambaa kikiwa kifupi, punguzeni ukubwa wa herufi kuliko kuikata sentensi, na jina Horatius liandikwe pembeni.