Mfano na zoezi si kitu kimoja: kwa wanaoanza themodinamiki kwenye programu za mtandaoni

Ndugu zangu mnaoanza somo la themodinamiki na mkapewa programu ya mtandaoni ya kujifunzia, fahamuni mapema kwamba mfano uliokokotolewa na swali la zoezi, ingawa huwekwa ukurasa mmoja na hufanana sura, havikuwekwa kwa kazi moja. Mfano unakuonyesha namna mwengine alivyoamua. Zoezi linakutaka uamue wewe. Anayekwama kwenye zoezi akakimbilia mfano, akanakili mlinganyo na kubadilisha tarakimu, huenda akapata alama ya vema, lakini hatakuwa ameamua lolote. Programu nyingi hubadilisha tarakimu tu swali linapofunguliwa upya, kwa hiyo mtu anaweza kukusanya vema hadi mwisho wa sura bila ya kujua kwa nini mlinganyo ule ndio uliochaguliwa.

Mfano usomwe ukiwa umefunikwa. Soma swali peke yake, usiteremshe skrini, kisha andika daftarini mpaka wa mfumo (yaani wa kile kitu unachokihesabia) uko wapi, kitu gani kinavuka mpaka huo, na kila hali, ya mwanzo na ya mwisho, inatambulikana kwa sifa zipi mbili, mathalani jotoridi na ujazo. Hapo ndipo ufunue hatua ya kwanza na uilinganishe na uliyoandika. Kazi hii ni ya polepole, na sioni njia ya mkato.

Suala la mpaka ndilo linalowaangusha wengi. Chukua boila ya kuzalisha mvuke wa kukamulia mafuta ya karafuu, kazi inayofanywa na kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, Chake Chake, Pemba. Maji yakiingia upande mmoja na mvuke ukitoka upande wa pili mfululizo, huo ni mfumo ulio wazi, na joto linalohitajika kwa kila kilo ni tofauti ya enthalpi, yaani nishati ya ndani ikijumlishwa na kanieneo mara ujazo. Maji hayo hayo yakipashwa ndani ya chombo kigumu kilichozibwa, hakuna kinachotoka wala kazi inayofanyika mpakani, na joto linakuwa ni tofauti ya nishati ya ndani. Maneno ya maswali haya mawili yanaweza kukaribiana sana, na programu haitakuuliza umechagua mpaka gani. Itakwambia tu kwamba jibu si sahihi. Kumbuka pia kwamba maji yanapochemka, kanieneo na jotoridi hazihesabiwi kuwa sifa mbili. Kwenye kilopaskali 100 maji huchemka kwenye nyuzi 99.6 za Selsiasi, na kuzitaja zote mbili hakukuambii ni sehemu gani ya tungamo imeshakuwa mvuke.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma jibu, lipime. Tuseme swali linahusu mashine ya barafu ya wavuvi, ndani nyuzi 10 chini ya sifuri, nje nyuzi 32. Kiwango cha juu kabisa cha ufanisi wake, yaani joto linaloondolewa ndani kwa kila kizio cha kazi inayotumika, ni jotoridi la ndani kugawanywa kwa tofauti ya majotoridi, yaani kelvini 263 (273 kutoa 10) kwa 42, takribani 6.3. Aliyetumia Selsiasi atapata namba hasi, na hiyo inajitangaza yenyewe. La hatari zaidi ni jibu la 7, ambalo linaonekana la kawaida lakini hakuna mashine inayoweza kulifikia katika majotoridi hayo. Kanieneo nayo iangaliwe: geji haihesabu kanieneo ya hewa iliyotuzunguka, takribani 100, kwa hiyo ikisoma kilopaskali 200, kanieneo kamili inakaribia 300, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye mlinganyo wa gesi.

Kuna jambo linalowatia watu wasiwasi bila ya sababu, nalo ni jedwali la programu kutokubaliana na la kitabu. Kwa gesi ya majokofu R-134a, majedwali mengine huipa enthalpi ya kimiminika kilichofikia kuchemka kwenye nyuzi 0 thamani ya kilojuli 200 kwa kilo, na mengine 51.9. Kwa mvuke wake, ya kwanza yatasoma 398.6 na ya pili 250.5. Toa, utaona tofauti ni 198.6 kote. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu, kwa hiyo tumia jedwali lolote, ila usichukue hali moja kwenye programu na nyengine kwenye kitabu.

Alama ya kazi, chanya au hasi, ina utata wa aina hiyo hiyo. Wahandisi wengi huhesabu kazi inayotoka kwenye mfumo kuwa chanya, ilhali vitabu vingi vya kemia huhesabu inayoingia. Tazama mfano wa kwanza wa sura ujue programu yako inafuata desturi ipi.

Vidokezo vya programu vitumiwe kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja urudi daftarini. Desimali usizikate katikati ya hesabu. Bando likiwa dogo, nakili maswali kwa mkono na uyafanye nje ya mtandao, kisha urudi kutuma majibu tu. Na ukiamini kwamba programu ndiyo iliyokosea, jambo ambalo hutokea, mpelekee mwalimu mchoro wa mpaka, hali zote mbili pamoja na vizio vyake, na jina la jedwali ulilotumia, badala ya picha ya skrini yenye alama nyekundu.